Redio Iliyozimika Njia ya Kibakwe

Wanadarasa wenzangu wa jioni, mmeniuliza sana, na kila aliyeniuliza nimemjibu kwa kichwa na mikono kama trafiki kwenye makutano, kwa sababu sauti ilikuwa haijarudi. Sasa imerudi nusu. Badala ya kuimalizia kwa mtu mmoja mmoja, nimeona niwaandikie wote, na mwalimu wetu wa insha naye ajue kwamba zile jioni hatukuwa tunasinzia tu.

Ya fomu, barua na picha ndogo sita siyasimulii. Hayo kila mmoja wetu anayajua, na hayajawahi kumchekesha mtu.

Chang'ombe ya Dodoma, kabla ya basi

Mnajua nilikuwa nakimbia nini. Miaka sita nimekuwa msaidizi wa masjala katika ofisi ambayo sitaitaja. Chumba kile hakina dirisha. Mafaili yamepanda mpaka darini, na yapo ambayo nadhani yalifunguliwa kabla karatasi haijavumbuliwa. Kila asubuhi niliyaamkia, hayakuitikia hata siku moja. Meza ya pili alikaa Mzee Lungwa, mtu wa miwani minene, ambaye aliishi kwa maneno mawili: "Ee," na "Liweke hapo." Miaka sita nilimsimulia habari za mtaa, za mpira, za ndugu zangu Tabora, za bungeni, na habari nyingine ambazo hazikutokea lakini zingeweza kutokea. Yeye, "Ee." Nilimhurumia. Nilisema moyoni, huyu mzee maskini hana la kusema.

Kwa hiyo cheti cha kidato cha nne kilipotoka, na mkanibeba mabegani mpaka tukavunja benchi la watu, niliapa: sasa natafuta kazi ya watu. Watu wapya kila siku, wanaoitikia salamu. Ndipo nikaona tangazo la mradi mmoja unaogawa mbuzi wa maziwa kwa kaya zisizo na mifugo. Walitaka wadadisi, yaani wale wanaopita nyumba hadi nyumba na kuuliza maswali. Sifa: kidato cha nne, na "awe mtu anayependa kukutana na watu." Nilisoma mstari huo mara nne. Nilitaka kumtafuta aliyeuandika nimuulize amenijulia wapi.

Masharti yalikuwa haya: siku tano za majaribio huko Kibakwe, kaya arobaini kwa kila mmoja. Ukifaulu, mkataba wa mwaka. Ukishindwa, unarudi kwenye mafaili yako. Nikaomba likizo.

Mke wangu alinifungia chapati. Akasema, "Baba Tatu, kazi ya kuuliza maswali inataka mtu anayesubiri jibu."

Nilicheka mpaka majirani wakatoka nje.

Dodoma hadi Mpwapwa

Basi liliondoka kwa wakati, jambo lililotutia wasiwasi wote. Na kweli, kabla hatujafika Mbande likatoa mlio kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, likakaa kimya. Dereva alishuka, akaingia chini yake, akatoka, akasema neno moja: "Mkanda."

Tulikaa pale saa tatu. Jua lilikuwa la kuchemshia chai bila jiko. Wengine walikasirika, mimi nilifurahi, maana nilikuwa nimepewa abiria hamsini na hawana pa kukimbilia. Nilianza na mchungaji mmoja mwenye mwavuli, nikamweleza safari yangu. Nikahamia kwa askari mstaafu, nikamweleza safari yangu pamoja na ndoa yangu. Mama wa karanga alipokuja kutuuzia, nikanunua nne, nikamweleza cheti changu, daraja na masomo yote, hata lile la hesabu tuliloponea chupuchupu.

Chini ya kivuli cha basi alikaa bibi mmoja na kuku kwenye kikapu. Nilipofika kwake nikasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Nikaanza tangu Tabora. Nilipofika Dodoma aliinua mfuniko wa kikapu, akachungulia, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "huyu kuku wangu ametaga tangu uanze."

Watu walicheka sana, na mimi nilicheka kuliko wote. Mkanda ukaletwa na pikipiki, tukaendelea. Jioni tulipoachana stendi ya Mpwapwa, abiria wote walikuwa wananijua jina, mtaa, mke na watoto. Nami, nilipolala gesti nikijaribu kuwakumbuka mmoja mmoja, niligundua kwamba sikujua hata mmoja wao alikuwa anakwenda wapi. Nilimjua kuku.

Nikalala usingizi wangu mzuri.

Mpwapwa hadi Kibakwe

Asubuhi nilikutana na mshindani wangu. Jina lake Edga, kijana aliyemaliza chuo, viatu vyeupe, vidude vya muziki masikioni. Tulikuwa tumeagizwa tufike wenyewe, basi la asubuhi tukalikosa kwa sababu nilikuwa namaliza kumsimulia muuza supu. Tukapata lori lililokuwa linapanda kufuata vitunguu, tukakaa nyuma juu ya magunia matupu pamoja na watu kama kumi.

Njia ile inapanda, inapinda, inateremka, inapanda tena. Vumbi lake ni jekundu na ni la kula. Edga alijifunga shali usoni, akafumba macho. Wenzetu wote wakafunga vinywa. Nani alibaki wazi? Injini ilinguruma, nami nikanguruma juu yake. Niliwasimulia watu wale kila kitu, kwa kelele, kona hadi kona, nikiwa nimemeza ardhi ya wilaya nzima. Mtu akitaka kupima shamba Mpwapwa leo, anipime mimi kifua.

Tulishuka Kibakwe mchana. Msimamizi wetu, Madam Upendo, alikuwa anatusubiri na vishikwambi viwili mkononi, mama wa makamo, mtulivu, asiyecheka ovyo. Nilinyoosha mkono, nikafungua mdomo kumpa salamu niliyoiandaa tangu Chang'ombe. Ikatoka sauti ya pampu ya baiskeli: "Fffh."

Nikajaribu tena. "Fffh."

"Ndugu Maganga, unaumwa?"

Dereva wa lori akajibu kutoka dirishani: "Haumwi, Madam. Betri imekwisha."

Nilikwenda kula kwa mama lishe. Nilitaka ugali, maharage, na chai baadaye. Nilionyesha kwa vidole. Akaniletea chai kwanza. Nikakataa kwa mkono. Akaelewa kwamba mimi ni bubu. Akaanza kusema nami kwa sauti kubwa na polepole, "BA-BA! U-NA-TA-KA U-GA-LI?" huku wateja wote wakigeuka. Akanijazia sahani, akaongeza vipande viwili vya nyama ambavyo sikuagiza, akaniombea kwa mkono juu ya kichwa changu. Ningemwambia ukweli, lakini ningemwambia kwa sauti ipi? Nikala nyama, nikasema Amina kwa midomo.

Nyumba hadi nyumba

Kazi ilikuwa katika kitongoji kimoja cha wafugaji na wakulima chini ya milima. Maswali yalikuwa thelathini na mawili, yote ndani ya kishikwambi, na kishikwambi kile kina roho ngumu: usipojaza swali la kumi hakikuruhusu kuona la kumi na moja.

Siku ya kwanza nilinong'ona. Wazee walisogeza sikio mpaka tukawa tunagusana mashavu. Mmoja alidhani nina siri, akawafukuza watu wote uani. Jioni nilikuwa na kaya nne. Edga alikuwa na kumi na tatu na viatu bado vyeupe. Siku ya pili nilipata saba, na usiku ule sikulala vizuri. Niliyaona mafaili.

Asubuhi ya siku ya tatu Madam Upendo aliniita kando.

"Ndugu Maganga, kwa sauti hiyo huwezi kudadisi. Nitakupa uhakiki. Pitia kaya za Edga, angalia jina la mkuu wa kaya, angalia kama zizi lipo, bofya 'Sahihi.' Ukimaliza mapema, tutaona."

"Tutaona" ya Madam Upendo nilishaielewa. Ilikuwa na harufu ya masjala.

Nilihakiki siku ile yote, nyumba sita, na asubuhi ya siku ya nne nikaanzia kwa Mama Nyemo, mjane, nyumba ya tembe yenye zizi la miiba ubavuni. Nilisimama mlangoni nikapiga makofi, maana hodi haikutoka.

"Mbukwenyi!" akanisalimu kwa Kigogo kutoka ndani.

"Mbukwa," nikanong'ona. Hilo moja nilikuwa nimefundishwa na mama lishe, kwa kelele.

Alinipa kigoda. Chungu cha mlenda kilikuwa jikoni, na kwenye ungo kulikuwa na uwele. Nikaonyesha koo langu. Akanitazama, akaenda akarudi na maji ya moto yenye asali. Kisha akakaa, akaendelea kupepeta.

Jamani, tulinyamaza. Mnanijua. Ukimya wa dakika tano kwangu ni kiangazi cha mwaka mzima. Nilihesabu miiba ya zizi. Nilitazama mlenda ukichemka. Nilikaribia kufa, na sikufa. Halafu, bila mimi kuuliza chochote, Mama Nyemo akaanza kusema mwenyewe.

"Mwenzako yule alikuwa na haraka. Nikamwambia karibu ugali, akasema ameshiba. Akaenda zizini, akahesabu kwa kidole, tisa. Akaandika. Akaondoka."

Nikaitikia kwa kichwa. Ilikuwa hivyo kwenye kishikwambi: ng'ombe tisa. Kaya haistahili mbuzi.

Akapepeta kidogo. Akanisimulia mumewe, aliyefariki miaka ya nyuma. Akanisimulia binti yake aliyekwenda Makutupora kwenye mashamba ya zabibu, anayepogoa msimu ukifika, na barua yake ya mwisho, yaani ujumbe wa simu aliosomewa na jirani. Kisha akaacha ungo.

"Wale tisa, baba, hata ukwato mmoja si wangu. Mimi nawatunza. Wanangu wakinywa maziwa, ni haki ya utunzaji. Mavi naweka shambani. Ng'ombe wana mwenyewe."

Ndipo nikaelewa jambo ambalo kila mtu wa kule analijua tangu tumboni. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki zizi moja. Ugonjwa ukija, ukame ukija, mwizi akija, watakwisha wote. Anawatawanya kwa watu anaowaamini, tisa huku, sita kule. Anayewatunza anapata maziwa na mbolea, na mambo yakienda vizuri ndama. Na jina la mwenye mali halitajwi kwa mgeni anayesimama getini na kidole.

Nikachukua daftari langu. Nikanong'ona, "Niandike, mama?"

"Usiandike." Akanyoosha kidole kuelekea bondeni. "Ng'ombe si wangu, na neno lake si langu. Mwenyewe ni Mzee Chilewa. Akikwambia andika, utaandika."

Nilikula ugali wake na mlenda. Ulinipita kooni bila kunikwaruza, chakula cha kwanza tangu lile lori.

Kwa miguu hadi bondeni

Bondeni kwa Mzee Chilewa ni mwendo wa asubuhi nzima kwenda, na mwingine kurudi. Siku ya tano ndiyo ilikuwa ya mwisho, na nyumba za kuhakiki zilikuwa zimebaki ishirini. Jioni ile nilimnong'oneza Edga kwamba hesabu ya Mama Nyemo ina shida, na kwamba kesho nashuka bondeni.

"Kaka, usiharibu," akasema, na alisema kwa wema, si kwa ubaya. "Mimi nimehesabu kwa macho yangu. Bofya 'Sahihi' mara ishirini, kesho tunaondoka wote na mikataba. Unataka kurudi kule kwenye mafaili?"

Sikutaka. Mungu ananijua. Alfajiri nilishika kishikwambi, nikafungua kaya ya Mama Nyemo, kidole kikakaa juu ya lile neno "Sahihi" kama nzi juu ya kidonda. Kisha nikafunga, nikavaa viatu, nikashuka bondeni.

Mzee Chilewa nilimkuta anasuka kamba ya ngozi. Nikamwamkia kwa pumzi. Akauliza kwetu wapi, nikanong'ona Tabora.

"Mnyamwezi!" Akaitupa kamba. "Mtani wangu! Babu zako walipita hapa na mizigo kichwani wakiimba mpaka fisi wakahama. Wewe ukaja huna hata sauti? Umeuza?"

"Nimewaazima watu," nikanong'ona.

Alicheka, akaniletea kibuyu cha maziwa ya mgando. Nikanywa. Nikasubiri, maana sasa nilikuwa nimejifunza. Alipomaliza kamba yake, nikamweleza kwa sentensi tatu nilizokuwa nazo akiba: mbuzi, Mama Nyemo, ng'ombe tisa.

Uso ukabadilika. "Nani amekwambia ni wangu?"

Hapo ningeweza kusema uongo mzuri. Ninao mwingi. Nikasema, "Yeye. Lakini alinikataza kuandika. Alisema neno si lake."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Ndiyo maana wako kwake," akasema. "Mume wake alikuwa vilevile. Andika: tisa wa kwa Mama Nyemo ni wa Chilewa. Wa kwingine usiniulize."

Nikafungua kishikwambi kuangalia Edga alimwandika vipi yeye. Zizi lake lilikuwa na ng'ombe wanne na mmoja kiwete. Kaya inastahili mbuzi. Nikamwonyesha.

"Mimi?" Alishika mbavu. "Mimi nipewe mbuzi, Mama Nyemo anyimwe? Hao wakubwa wenu wana macho, wanakosa makalio. Waambie wakae chini."

Nilirudi jua limeinama. Madam Upendo alikuwa anafunga mizigo. Nyumba ishirini hazijaguswa. Sikuwa na sauti ya kujitetea, kwa hiyo nilikaa juu ya gunia la vitunguu nikaandika kurasa mbili: utangulizi, kiini, hitimisho, kama tulivyofundishwa. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa pili akakaa.

"Edga, ulihesabu zizini?"

"Nilihesabu, Madam. Walikuwa tisa."

"Walikuwa tisa," akakubali. Akakunja kurasa zangu. "Inabidi turudie kitongoji chote."

Kisha akanigeukia. "Ndugu Maganga, kwa udadisi umeshindwa. Kaya kumi na moja kwa arobaini, hakuna namna ya kuipamba."

Nilimrudishia kishikwambi chake.

"Ila maswali haya tuliyaandikia mjini," akaendelea. "Nahitaji mtu wa kutangulia wiki moja kabla ya wadadisi. Bila kishikwambi. Akae na watu, ajue wanaishi vipi, atuandikie kama hivi, ndipo tutunge maswali. Kazi hiyo haina jina bado. Tuijaribu miezi mitatu, tuanzie Makutupora kwa vibarua wa zabibu. Utaweza?"

Nikaitikia kwa kichwa mpaka kofia ikaanguka.

"Sharti moja. Sauti ikirudi, usije nayo yote."

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, au mimi ndiye nilikuwa siijazi maneno. Kutoka Mpwapwa nilikaa karibu na fundi wa saa kutoka Kongwa anayewaogopa paka. Mbele yangu alikuwa mwanafunzi wa uuguzi aliyefeli mara moja na anarudia. Majina yao ninayo. Wao sidhani kama wanalo langu.

Jumatatu nilikwenda masjala kuaga. Barua nikaiweka kwa mkubwa, kisha nikakaa kwenye meza yangu ya zamani kukusanya vitu: kikombe, kalenda, kitana. Sikuwa na sauti bado. Mzee Lungwa alikuwa meza ya pili na faili lake. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, chumba kimya, na kwa mara ya kwanza mimi mmoja wa waliokinyamazisha.

Mzee akavua miwani.

"Ulikuwa wapi wiki nzima?"

Niligeuka nikidhani kuna mtu ameingia. Nikachukua karatasi, nikaandika: Kibakwe.

Aliisoma, akaishika kwa mikono miwili. "Kibakwe," akasema. "Mimi nimezaliwa kule. Ule mlima wa pili ukitoka Mpwapwa, baba yangu alilima viazi upande wa juu. Ng'ombe wangu watatu wako bondeni mpaka leo, kwa shemeji. Si kwangu, unaelewa. Kule mtu hawaweki zizi moja." Akaeleza yote. Utunzaji, maziwa, ndama, jina lisilotajwa. Alieleza vizuri kuliko Mama Nyemo na Mzee Chilewa pamoja, na mkono wake ukichora mazizi hewani juu ya mafaili.

Nilikusanya pumzi yote niliyokuwa nayo.

"Mzee," nikanong'ona, "miaka sita tuko chumba kimoja. Mbona hukuwahi kuniambia?"

Akavaa miwani yake, akanitazama bila kinyongo chochote.

"Nilikuwa nasubiri umalize."